Waliitwa

Kamati ya sendofu ya dada yangu ilinipa kazi moja tu, nayo ilionekana nyepesi: niandike ukurasa mmoja wa historia ya familia, usomwe na mshereheshaji kabla ya keki. "Wewe ndiye msomi wa nyumba," alisema baba mdogo, mweka hazina wa kamati, kwa sauti ileile anayotumia kumkumbusha mtu kwamba mchango wake haujaingia. Nilikuwa nimerudi Endagikot mwezi Julai kukusanya data za tasnifu yangu ya umahiri katika fasihi simulizi, na nilidhani ukurasa mmoja wa visasili ningeumaliza jioni moja. Ulichukua wiki nzima. Sehemu ya lawama ni ya bomba, sehemu ni ya panya, lakini sehemu kubwa ni ya hadithi zenyewe, kwa sababu zilikuwa mbili na nyumba yetu ilitaka moja.

Endagikot ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Mbulu. Ukitoka Dar es Salaam mwezi Julai unafika na fulana, unaomba sweta kwa mama kabla hujamaliza kusalimia. Watu wanakuwa wamevuna, kwa hiyo ndiyo miezi ya harusi. Wiki ile nilihesabu kadi sita za michango mezani kwa baba. Kwetu ilikuwa zamu ya dada yangu mkubwa, muuguzi, anayeolewa na kijana wa Katesh wilayani Hanang. Shemeji ni Mdatooga. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililoniharibia ukurasa.

Jumatatu alfajiri bomba la uani lilipasuka na kurusha maji juu ya rundo la viti vya kukodi, ambavyo baba mdogo alisisitiza viletwe siku tano kabla. Fundi alikuja saa nne. Alilifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli huku akiniuliza nasoma nini chuoni. Nilipomwambia nasoma hadithi za wazee, alinyanyua kichwa. "Basi andika kwamba sisi tumetoka Iraq," akasema, kisha akaomba nimshikie koleo.

Jumanne niliisikia tena kijiweni, ambako baba mdogo hucheza drafti kwa vizibo vya soda kila jioni. Siku hiyo kijana wa bodaboda alimfunga mara mbili mfululizo, na ili kubadili mazungumzo akalieleza kundi zima jinsi babu zetu walivyotoka Mesopotamia, wakapita Ethiopia, wakafuata Bonde la Ufa hadi hapa. Jumatano aliyenisimulia alikuwa mpwa wangu wa darasa la sita, akiwa ananisaidia kuokota vipande vya shajara yangu ya utafiti. Panya walikuwa wameitafuna usiku kuanzia pembeni, wakaacha katikati ya kila ukurasa duara safi la maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho wa sentensi.

Siku tatu, wasimulizi watatu, na hadithi haikubadilika. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hilo peke yake linatia shaka. Masimulizi yanayoishi midomoni mwa watu hupindapinda: huyu anaongeza fisi, yule anampunguza mke mmoja, mwingine analeta mto usiokuwepo jana. Hii ya Iraq imenyooka kama jibu la mtihani.

Tuisome kwanza kama matini, tukiweka pembeni swali la ukweli wake. Ndani yake mna nchi mbili na mshale. Hamna mtu hata mmoja mwenye jina. Hakuna aliyechoka njiani, aliyejifungua njiani, wala aliyegombana na nduguye juu ya kisima. Hatuambiwi kwa nini waliondoka. Watu wanatoka bonde la Tigris na Frati, wanatembea maelfu ya kilomita, na hawapotezi hata mbuzi. Ningepewa kazi hii na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningeirudisha, nikiandika pembeni: wahusika wako wapi?

Vithibitisho vyake ni viwili, na watu huvitaja kwa furaha. Cha kwanza ni jina, Iraq na Iraqw. Waarabu wameziita hivyo tambarare za mito ile miwili kwa karne nyingi, na dola yenye jina hilo ilizaliwa mwaka 1921 ulipoanzishwa Ufalme wa Iraq. Lakini majina mawili kufanana si undugu, la sivyo watu wa Moshi wangekuwa wametoka kwenye jiko la mama yangu. Cha pili ni koo. Tuna sauti mbili za kooni, moja tunaiandika hh na nyingine tunaiandika kwa mkwaju, na mtu aliyesoma Kurani atazitambua mara moja. Ni kweli. Hata Msomali atazitambua, ila sijawahi kumwona mtu akisimama kwenye sendofu kusema tumetoka Mogadishu, ingawa angekuwa karibu zaidi na wanaisimu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, kama Kisomali na Kioromo. Ndugu zake wa damu kabisa hawako Baghdad, wako hapa jirani: Kigorwaa cha Babati, na Kialagwa na Kiburunge upande wa Kondoa. Undugu wake na Kiarabu upo, lakini ni wa kwenda nyuma maelfu ya miaka, kabla mtu yeyote hajawa Mwarabu wala Mwiraqw.

Mwaka 1998 mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, alichapisha katika jarida la Ethnology makala nzima kuhusu jambo hili. Kichwa chake kinabeba hoja yote: dhana inapogeuka kuwa kisasili. Wageni walioandika juu yetu walikisia. Kisio likawafikia wenyeji waliosoma, likashuka hadi majumbani, na baadaye likahesabiwa kuwa mapokeo ya wazee. Nyuma yake kuna kivuli kirefu zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 John Hanning Speke alishikilia kwamba watawala aliowakuta maeneo ya Maziwa Makuu ni wazao wa wavamizi kutoka Ethiopia, na wengi waliomfuata wakajenga juu ya wazo hilo: palipo na kitu cha kusifika katika bara hili, kimeletwa kutoka nje.

Hapa nikiri jambo. Mwaka wangu wa kwanza Dar es Salaam mwenzangu wa chumba aliniuliza kabila. Nilipomjibu akasema, "Aa, Mmbulu! Tulikuwa na dada wa kazi wa kwenu." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa akimkumbuka huyo dada kwa upendo. Nikamjibu palepale kwamba asili yetu ni Iraq. Nilimwona akinitazama upya, pua na nywele, nami nikafurahi. Makosa ya jiografia yanaweza kusahihishwa kwa ramani. Furaha ile ndiyo inayonisumbua mpaka leo, kwa sababu hadithi ilinipa heshima kwa sharti moja: niwe nimetoka mahali pengine.

Hadithi ya pili haijulikani sana nje ya kwetu, kwa hiyo niisimulie kwa jinsi inavyosimuliwa mara nyingi. Zamani Wairaqw waliishi Ma'angwatay, kusini, mahali wengi wanapopakisia kuwa maeneo ya Kondoa. Kiongozi wao aliitwa Haymu Tipe. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Gemakw. Vijana wa kabila wakamteka yule mtoto, wakamficha msituni. Baba akamtafuta, akawapata, akaomba arudishiwe mwanawe. Wakakataa. Sharti lao halikuwa ng'ombe wala mabinti: walitaka waletewe adui wa kupigana naye. Haymu Tipe akaenda kwa Wadatooga, akawaomba waje kupigana. Wakaja, wakawaua Wairaqw wengi. Haymu Tipe akakimbia na familia yake na watu waliosalia hadi Guser Twalay, na hapo Gemakw akaugua, akafa, akazikwa. Baba akaendelea na safari bila mtoto hadi Irqwar Da'aw, nyanda za juu tunazoziita leo Kainam, akafia huko. Wazao wake wanasemekana wako hapo mpaka leo.

Niliposoma hadithi hii mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Ina kila ambacho ile ya Iraq haina. Ina mtu mwenye jina ambaye anawekwa mahali ambapo kila njia ni mbaya: ama mtoto wake, ama watu wake. Ina vijana wasio na kazi, na wanachodai kinatisha kwa sababu hawana hata sababu ya vita. Wanataka adui kwanza, ugomvi utafuata. Anayesoma tamthilia za Kiswahili atamkumbuka Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, kiongozi ambaye watu wanataka vita haraka kuliko yeye. Lakini Kinjeketile ana mkoloni mbele yake, ana haki upande wake. Haymu Tipe hana kitu. Adui hayupo mpaka yeye mwenyewe aende kumwita.

Kisha kuna kifo cha Guser Twalay. Fumo Liyongo wa pwani aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, na usaliti ule unaeleweka, tunajua nani wa kumchukia. Hapa hakuna msaliti wa mwisho. Baba ameuza watu wake ili apate mtoto, amempata, na mtoto anakufa kwa ugonjwa, njiani, bila mkuki wa mtu. Hadithi haisemi hiyo ni adhabu. Inamzika Gemakw tu, inaendelea na safari. Msimulizi dhaifu angeweka hapo mzimu, au sauti kutoka mbinguni ikimshutumu baba. Kunyamaza kule ndiko kunakonifanya niihesabu hadithi hii miongoni mwa kazi kubwa za lugha zetu, na nilitaka isomwe kwenye sendofu ya dada yangu mbele ya watu mia tatu.

Alhamisi nilimsomea baba rasimu jikoni. Mama alikuwa anakanda unga wa maandazi, nami nilishika simu mkono mmoja na kitambaa cha kufuma mkono wa pili. Kufuma ndiyo burudani yangu tangu kidato cha pili, na kamati ilikwisha igeuza kuwa ajira: vitambaa kumi na viwili vya meza kuu. Baba hujifurahisha kwa kutengeneza redio mbovu za majirani, na wakati huo alikuwa na saba zisizolia. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye bisibisi mpaka nilipofika kwa Wadatooga.

"Unataka nisimame mbele ya wakwe zangu niseme baba zenu waliwaua baba zetu?"

"Lakini baba, si wao wenye kosa katika hadithi. Ni vijana wetu ndio walio..."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

Mama alicheka mpaka akaniambukiza, na hapo ndipo simu iliponiponyoka ikazama kwenye ndoo ya maharage yaliyolowekwa, pamoja na saa nne za mahojiano ambayo sikuwa nimeyahamishia popote. Tuliizika kwenye mchele. Baba aliniangalia kwa huruma ya mtu anayejua vifaa vinavyokufa, akasema kwa upole, kana kwamba ndiyo faraja yenyewe: "Andika Iraq, mwanangu. Iraq haimuudhi mtu."

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko makala zote nilizosoma mwaka huu. Nilikuwa nimeihukumu hadithi ya Iraq kwa urembo wake na kwa ukweli wake, na kote imeanguka. Baba alikuwa ananiuliza kitu kingine: inafanya kazi gani ukumbini? Inafanya kazi ya kuwakutanisha wakwe bila damu mezani. Ndugu hawawezi kugombania nchi ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuifika. Mhakiki anayeikejeli bila kuona hilo amesoma maneno tu, hakusoma hadhira, na mimi nafundishwa kila muhula kwamba katika fasihi simulizi fanani na hadhira haviachanishwi.

Isitoshe, hadithi yangu niipendayo si safi kama nilivyotaka iwe. Huku kwetu watu wengi bado huwaita Wadatooga Mang'ati, jina lililotoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui. Wenyewe hawalipendi. Katika hadithi ya Haymu Tipe Wadatooga hawana jina la mtu hata mmoja. Hawana kiongozi, hawana watoto, hawaulizi kwa nini wanaitwa. Wanakuja, wanaua, wanatoka jukwaani. Kosa lile nililolicheka kwenye hadithi ya Iraq, kukosa watu, limo humu pia, ila limehamishiwa upande wa pili wa mkuki. Na karne ya ishirini haikwenda kama hadithi inavyotuacha, sisi tukiwa wakimbizi milimani na wao wakiwa wenye nguvu. Wairaqw tuliongezeka, tukashuka kutoka Irqwar Da'aw na majembe yetu, tukalima sehemu ambazo Wadatooga walikuwa wakichungia. Tangu miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yakameza malisho yao mengine kwenye tambarare za Hanang. Mtu anayesimulia leo habari za Ma'angwatay na kuishia hapo anajichagulia mahali pazuri pa kukaa kwenye hadithi. Nilikuwa nataka kuisoma mbele ya wakwe na kupigiwa makofi kwa ujasiri wangu.

Ijumaa nilikwenda kwa bibi mzaa baba, aama kama tunavyomwita, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilienda na shajara iliyotafunwa kwa kuwa simu ilikuwa bado mcheleni. Alikuwa anachambua maharage juani, blanketi begani. Nilimsomea kisa cha Haymu Tipe kwa Kiiraqw changu cha likizo, ambacho humchekesha. Safari hii hakucheka. Nilipomaliza alikaa kimya, akatupa punje mbovu mbili, kisha akauliza:

"Mama yake alikuwa wapi?"

"Mama wa nani, aama?"

"Wa mtoto. Wamemchukua, wamemweka msituni. Mama yake alikuwa wapi? Nani alimpelekea chakula?"

Sikuwa na jibu. Nimeishi na hadithi hii miaka miwili. Nimeichora muundo wake kwa kalamu za rangi tatu, nimeandika kuhusu motifu ya kafara, nimemlinganisha Haymu Tipe na Ibrahimu wa Biblia kwenye semina nikasifiwa. Sikuwahi kuuliza swali hilo, na mimi ni mwanamke. Katika masimulizi niliyoyasoma mama anaonekana mara moja tu, ndani ya neno familia, wakati wa kukimbia. Anakimbia bila jina, anamzika mtoto bila jina.

Nilimwuliza bibi yeye aliisikia vipi hadithi hii alipokuwa msichana. Alisema alikuwa anaisikia vipandevipande akipita na maji, maana zilikuwa habari za wanaume, jioni, wakiwa na pombe yao. Akaniuliza mimi nimeisikia kwa nani. Ningeweza kudanganya. Nilimwambia niliisoma kwenye kompyuta, Dar es Salaam. "Aa," akasema, akaendelea na maharage.

Hilo "aa" lilinipunguza kabisa. Nilikuwa nimejiweka kuwa mtetezi wa mapokeo halisi dhidi ya kisasili cha vitabuni, kumbe na langu limenifikia kupitia kioo, kutoka kwa watu walioandika kile walichosimuliwa na wanaume. Baba mdogo pale kijiweni, na Mesopotamia yake, angalau aliipokea yake kutoka kwa mtu aliyemtazama usoni. Bado nasema hadithi yake ni dhaifu. Ila siwezi tena kusema ni ya kigeni na yangu ni ya kwetu, kana kwamba nina stakabadhi.

Usiku wa Ijumaa niliandika ukurasa upya, kwa kalamu, nikiwa nimekaa juu ya kiti cha kukodi ambacho hakijakauka vizuri. Sikuandika Iraq. Sikuandika Ma'angwatay. Nilianza na bibi mzaa babu aliyetoka Kainam akiwa ameolewa, nikataja jina lake, shamba lake na watoto wake waliokufa na waliopona, nikashuka hadi kwa dada. Majina tisa, sita ya wanawake. Ni maandishi ya kawaida sana, hayana hata tukio moja la kumsisimua mtu. Baba alisoma, akarekebisha mwaka mmoja, akatia saini kana kwamba ni hati ya kiwanja.

Jumamosi mshereheshaji alikuja na suti ya zambarau na utangulizi wake mwenyewe. Alipopewa ukurasa wangu aliukunja, akaushika kama fimbo, akaanza: "Mabibi na mabwana, kabila la Wairaqw, kama mnavyojua wote, lilitoka mbali, lilitoka katika nchi ya..." Spika zikakata. Taa za turubai zikazimika pamoja nazo. Baba mdogo alikuwa amekumbuka kila kitu, hadi vijiti vya kuchokolea meno, ila hakukumbuka kuongeza LUKU, na zile spika kubwa zilikuwa zimekula uniti tangu saa nane mchana. Watu walishangilia kama wanavyoshangilia popote umeme unapokatika. Vijana wakawasha tochi za simu. Mtu akatafuta vocha, mtu akatafuta mtandao.

Gizani mimi nilipewa jagi na beseni niwanawishe wazee wa upande wa bwana harusi. Wa kwanza alikuwa babu yake shemeji, mzee mrefu aliyejifunga shuka juu ya koti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mikono.

"Wewe ndiye unayeandika habari za wazee?"

"Ndiyo, babu."

"Mjukuu wangu ameniambia umekatazwa kututaja."

Maji yalinimwagikia mkononi. Dada! Nilianza kuomba radhi, nikaeleza kwamba si hivyo, kwamba ni hadithi tu, ya zamani mno. Alinisubiri nimalize, kama mtu mzima anavyomsubiri mtoto ashuke mwenyewe kwenye mti.

"Naijua," akasema. "Nimekaa na majirani Wairaqw tangu sijabalehe, naijua. Mnasema tuliwaua. Ni sawa, hadithi inasema hivyo. Lakini hatukuja wenyewe. Tuliitwa." Alikung'uta maji vidoleni. "Mtu anakuja nyumbani kwako, analia, anasema njoo upigane na watoto wangu. Wewe utafanya nini? Hilo kwenye karatasi yako lipo?"

Nilisema halipo. Mzee aliyekaa pembeni yake aliongeza jambo kwa Kidatooga, wakacheka wote wawili, na hakuna aliyenitafsiria. Taa zikawaka. Mshereheshaji akaupata mkrofoni wake, akawa amesahau alipofika, akaufungua ukurasa wangu na kuanza kusoma majina ya bibi zangu moja baada ya jingine, vibaya, akiruka kila sauti ya kooni. Aama, mstari wa mbele, alikuwa akimsahihisha kwa sauti ya juu kila jina. Babu akanipa taulo.

"Harusi ikiisha njoo Katesh," akasema. "Uje na hicho kinachonasa sauti."

Nilimwambia bado kipo kwenye mchele.